Fundi Aliyeimwagia Maji Nyumba Kabla Hatujaihamia

Wasomaji wangu wa ubao huu wa shule, mnaosimama hapa kila Ijumaa mkisukumana mabega, leo sina vichekesho vya bwenini wala malalamiko ya maharage. Yule fundi mwashi mzee wa upande wa Lumemo amefariki. Habari niliipata Jumatatu asubuhi nikiwa kwenye foleni ya bomba. Mama mmoja alitua ndoo yake, akasema, "Jamani, mmesikia? Mzee wa timazi hatunaye," kisha akajitwika tena akaondoka, kana kwamba ametaja bei ya mkaa. Mliozoea safu hii mnajua kwamba mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Mwalimu akiniita jina nasimama nikiangalia viatu vyangu. Ndiyo maana naandika. Lakini hii ya leo nimeiandika mara tatu kwenye daftari langu na kuifuta mara tatu, kwa sababu kila nikianza kumsifu marehemu najikuta najitetea mwenyewe, na mtu wa kujitetea msibani anatia aibu.

Tulimzika Jumanne. Marehemu alikuwa Mpogoro wa Mahenge, na balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtani wake, mwenye haki ya kumfanyia mzaha hata kaburini, kwa hiyo mlijue lililotokea makaburini msije mkalisikia limepotoshwa. Kabla jeneza halijashushwa, balozi aliingia kaburini na timazi ya marehemu mwenyewe, ile kamba yenye kipande cha chuma ya kupimia kama ukuta umenyooka, ambayo mzee hakuachana nayo hata akienda kanisani. Akaining'iniza pembeni mwa shimo, akafumba jicho moja, akakunja uso. "Ukuta umepinda," akasema. "Mkimlaza humu ataamka saa hii hii atuambie tubomoe." Watu waliokuwa wanalia wakaangua kicheko. Wachimbaji wakadhani mzaha umekwisha, wakashika kamba za jeneza, balozi akakataa kutoka. "Sitoki! Huyu mzee alinibomolesha choo changu mara mbili, leo ndiyo zamu yangu." Ikabidi wakwangue upande ule kwa jembe mpaka kamba ikasimama sawa na udongo. Mjane naye, akiwa ameshikwa mikono na wanawake wawili, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mwacheni. Kweli umepinda." Nilicheka na wenzangu, kisha nikaacha ghafla, maana nilimwona mtu upande wa pili wa kaburi ambaye sikutegemea kumwona. Nitafika kwake.

Kujenga alijenga, lakini mzee huyu alijulikana zaidi kwa kukagua nyumba zinazouzwa. Hapa kwetu nyumba zinauzwa kiangazi. Mpunga umeshavunwa, watu wana kitu mkononi, barabara ya kutoka Mkula inapitika, na anayehama anataka kuhama kabla matope hayajarudi. Kila ua umefagiwa, kila ukuta umepakwa upya, na maji yako mbali huko mtoni kama mtu asiyehusika. Mzee alikuwa na msemo wake: "Kiangazi hakuna nyumba mbaya Ifakara." Tunalo na kosa letu jingine ambalo sijui kama watu wa mahali pengine wanalo. Sisi tunaandika mkataba kwanza, tunakagua baadaye. Mnunuzi anaogopa kupitwa na mwenzake, basi anakimbilia kwa balozi na karatasi ya fulskepu, mashahidi wanatia sahihi, soda zinanywewa, na ndipo mtu anakumbuka kumwita fundi. Akiulizwa kwa nini, anajibu kwamba kumleta fundi kabla ya mkataba ni kumwambia mwenye nyumba usoni kuwa humwamini. Heshima inatangulia, kisha macho.

Mzee mwenyewe alisema wateja wasiomhitaji ni Wasukuma waliohamia na mifugo yao huku Idete. Mmoja alimwita akamkagulie kiwanja, mzee akapanda baiskeli mpaka huko, akamkuta mwenyeji wake ameshachagua pa kujenga na ameshachimba msingi. "Nilimuuliza, bwana, umejuaje kuwa hapa hapaingii maji? Akaniambia, masika iliyopita niliangalia ng'ombe wanakwenda kulala wapi. Nikafunga mkoba wangu nikarudi. Hata chai sikumaliza, nilivyoona aibu." Alikuwa akiisimulia habari hiyo mwenyewe, na akifika kwenye chai alicheka mpaka anakohoa. Sisi tuliozaliwa hapa bondeni tunajiona wajuzi wa maji, kumbe ujuzi wetu tunauweka kando tukishaona bati jipya.

Sasa niwaambie yetu. Mwaka juzi mwenye nyumba tuliyopanga alimpa mama taarifa kwamba mwanawe anaoa, vyumba vyetu viwili vitahitajika, tutoke kabla ya mwaka kwisha. Mama anauza mchele sokoni. Miaka yote alikuwa anaweka kidogo kidogo kwa ajili ya nyumba, na mnamjua mama mwenye jambo kichwani, halali wala halazi wenzake. Ikapatikana nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, sakafu ya saruji, upande wa chini kuelekea mto Lumemo. Aliyekuwa anauza alikuwa anarudi kwao Mahenge na mkewe na watoto. Na binti yake mkubwa alikuwa rafiki yangu, tukikaa dawati moja. Nilifurahi kwa ujinga. Niliona kama narithi chumba chake, na dirisha lake lenye pazia la maua.

Siku ya Ijumaa, tukitoka shule, rafiki yangu akaniambia jambo kwa nia njema kabisa. "Mkihamia, msiyatupe yale matofali kumi na mawili nyuma ya jiko. Masika tunainulia vitanda. Maji yakiingia hayakai sana, siku tatu nne yanatoka." Alisema hivyo huku anamenya muwa, kama mtu anayekuonyesha mahali ufunguo unapofichwa. Nilimwambia, "Asante." Nilifika nyumbani, mama alikuwa anahesabu siku kwa vidole na kucheka peke yake, nikashindwa kumwambia. Nilijiambia huenda mama anajua. Nilijiambia ni mambo ya wakubwa. Jumapili baada ya misa tukaenda kwa balozi, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, aliyepewa kalamu ni mimi. Niliandika mkataba wote, nakala mbili kwa kaboni: nyumba na kiwanja, isipokuwa kile kipande cha juu chenye kaburi la mama wa muuzaji, ambacho familia inabaki nacho. Balozi akaongeza sentensi moja ya mwisho, kwamba mnunuzi ataleta fundi ndani ya siku saba. Nikaiandika hiyo nayo, mkono wangu ukiwa mkavu kabisa, na yale matofali kumi na mawili kifuani.

Fundi akaja Jumamosi. Alizunguka nyumba mara moja bila kugusa kitu, akaning'iniza timazi kwenye kona mbili, kisha akaomba ndoo na maji. "Maji ya kunawa?" akauliza muuzaji. "Ya kumwaga," akajibu. "Nianzieni na ndoo kumi na mbili." Waliochota ni mimi na rafiki yangu, kisima kilikuwa kwa jirani. Mzee alisimama pale juu karibu na kaburi, akamwaga ndoo ya kwanza taratibu, akaifuata kwa macho ilivyoteremka. Majirani walitoka kuangalia. "Fundi, unaimwagilia ili iote ghorofa?" Balozi akadakia, "Mpogoro huyu kwao milimani, hajawahi kuona maji yakitembea, mwacheni ashangae." Mzee hakugeuka. "Mtani wangu, ningekuwa naangalia kichwa chako ningemwaga ndoo moja tu, maana hakuna kinachoingia." Rafiki yangu alicheka mpaka maji yakamwagika miguuni. Kufika ndoo ya tisa kicheko kilikuwa kimekwisha. Maji yote, kila yalikomwagwa, yalikwenda sehemu moja, yakajikusanya kwenye ukuta wa nyuma, yakakaa hapo, kisha yakaanza kupotea polepole chini ya msingi.

"Mwashi, ardhi kavu hunywa maji," akasema muuzaji. "Hunywa," mzee akakubali. Akaenda nyuma ya jiko kumwaga mabaki, akayaona matofali. Akaliinua moja, akalipangusa kwa kiganja. Juu yake kulikuwa na alama ya duara iliyochimbika, saizi ya mguu wa kitanda. Akainua la pili. "Haya ni ya nini?" Muuzaji akasema ya akiba. Mzee akanitazama mimi. "Mwandishi, mbona unayaangalia matofali kama unayafahamu?" Wasomaji wangu, kulikuwa na watu kama kumi na tano pale. Mama alikuwa ameshika kanga mdomoni. Rafiki yangu alikuwa ameshika ndoo tupu. Niliangalia viatu vyangu, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Ya kuinulia vitanda. Masika." Mzee akaniuliza, "Nani kakuambia?" Sikujibu, lakini macho yangu yalikwenda kwa rafiki yangu yenyewe, kabla sijayashika. Ikawa nimejibu.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu. Muuzaji alikaa kwenye ngazi ya jiko akasema mkataba umeshaandikwa, mwenye kutaka nyumba achukue, asiyetaka aseme. Mama akamwambia fundi, "Baba, mimi nina wiki sita tu za kuwa na paa. Niambie nifanyeje." Balozi akapendekeza karatasi ichanwe iandikwe upya, na nyumba ipunguzwe bei. Fundi akakataa yote mawili. "Karatasi haichanwi. Ukichana, kesho kila mtu atakuwa na karatasi yake kichwani. Iandikwe chini yake yaliyoonekana leo. Na kupunguza bei hakutoi maji ndani." Kisha akamgeukia muuzaji, akaonyesha kipande cha juu. "Mwenzangu, mama yako ulimzika pale kwa nini?" Muuzaji akalitazama kaburi. "Si kwa sababu ni pakavu?" "Ndiyo." "Basi marehemu yuko pakavu, na walio hai unawauzia maji. Ongeza kile kipande."

"Unataka niuze mama yangu?" Muuzaji alisimama, na nilimwona shingo imemvimba. "Sitaki uuze mama. Nataka uuze pakavu, mama abaki mahali pake." "Haiwezekani. Watu watasema nini Mahenge?" Mzee akakaa chini kwenye vumbi, jambo ambalo watu wa umri wake hawalifanyi mbele yetu, akasema polepole kana kwamba anapanga matofali. "Wewe Jumatatu ijayo unapanda gari unaondoka. Kipande hiki kinabaki na nani? Mwaka wa kwanza majani. Mwaka wa pili kichaka. Mwaka wa tatu jirani anapanda mihogo, na hakosei, hajui. Kaburi lisilo na mlango wa mtu karibu linapotea. Mwache mama yako na majirani. Huyu mama akijenga hapa juu, kila asubuhi kuna mtu atafagia mpaka pale." Wa kwanza kusema alikuwa mke wa muuzaji, aliyekuwa kimya siku nzima. "Baba watoto, mkubalie. Mama mwenyewe hakupenda kukaa peke yake."

Nikaandika tena, chini ya sahihi za kwanza. Ninayo nakala yetu mbele yangu, nainukuu kama ilivyo: "Baada ya kukagua na kumwaga maji mbele ya mashahidi, pande zote zimekubali kuwa nyumba hii huingia maji masika. Muuzaji ameongeza sehemu ya juu ya kiwanja mpaka njiani. Kaburi lililopo halikuuzwa, halitahamishwa wala kujengwa juu yake. Ndugu wa marehemu watafika siku yoyote, watapiga hodi kama wageni, na hawatakataliwa." Wote wakatia sahihi upya, mama akaweka dole gumba mara mbili kwa sababu la kwanza lilitoka na vumbi. Safari hii mwandiko wangu haukuwa mzuri. Mtu akiiangalia karatasi ile anaweza kudhani imeandikwa na watu wawili.

Nilimsindikiza mzee mpaka njiani, maana mama aliniagiza. Alikuwa akikokota baiskeli yake. Tulipofika akaniuliza, "Uliyajua lini?" Nikasema, "Ijumaa ya wiki iliyopita." "Kabla ya mkataba?" "Ndiyo, babu. Shikamoo." Sijui kwa nini niliamkia wakati ule, nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Akaitikia, "Marahaba," akatikisa kichwa. "Binti, umenimwagisha ndoo kumi na mbili kwa neno moja ulilokuwa nalo wewe." Akapanda baiskeli yake. Hilo ndilo neno refu kuliko yote aliyowahi kunipa, ingawa baadaye alifanya kazi kwetu wiki tano akijenga vyumba viwili vya juu, na aliuzungushia mzunguko wa matofali ule upande wa kaburi bila kuulizwa, akitumia yaleyale kumi na mawili na kuongeza mengine. Masika ilipofika, maji yaliingia nyumba ya chini mpaka yakafunika kizingiti. Sisi tulikuwa juu. Mama alisimama mlangoni akayaangalia, akasema tu, "Ahaa."

Sasa yule mtu upande wa pili wa kaburi. Alikuwa muuzaji, baba wa rafiki yangu, ameteremka kutoka Mahenge kwa ajili ya msiba. Kila mwezi wa marehemu, Novemba, familia yao hufika kwetu kusali kaburini, na mama huwapikia wali, lakini rafiki yangu hunisalimia kama mtu anayelipa nauli. Mimi hujificha jikoni. Siku ya mazishi sikuwa na jiko la kujifichia. Watu walipoanza kutawanyika alinifuata, nikamwamkia, akaitikia, akasema bila hasira yoyote, "Mwandishi, unajua siku ile usiku wake nilimkalipia sana mwenzako? Nilimwita msaliti mbele ya wadogo zake. Yeye alikuwa anasema tu, mimi nilimwambia ili wasiyatupe matofali." Kisha akaongeza, "Ungenifuata Jumamosi ile kabla ya mkataba, pale kibarazani, ukaniambia peke yangu, mzee, nimesikia hivi, ningekueleza mwenyewe." Labda angenieleza. Labda angenifukuza. Tangu Jumanne nageuza geuza hilo kichwani, hesabu za Jumatano nimezikosa zote, na sipati jibu, kwa sababu jibu lilikuwepo Jumamosi moja tu, na siku hiyo mimi nilikuwa nanoa penseli za kwenda kuandikia mkataba.

Nimesikia wengi wakisema msibani kwamba sasa nani atatukagulia nyumba. Mafundi wapo, na kijana anayejua kumwaga ndoo ya maji atapatikana. Kinachonisumbua mimi si ndoo. Katika ule ua, siku ya ndoo, waliojua kwamba nyumba inaingia maji walikuwa zaidi ya mmoja: muuzaji, mkewe, binti yao, majirani wote wenye visima, pengine na balozi mwenyewe, na mimi. Sote tulikuwa na adabu. Kila mmoja alimwachia mwenzake aseme, na tukamwita mzee wa watu na mgongo wake unaouma aje aseme kwa niaba yetu. Naona tunafanya hivyo na mambo mengine, humu shuleni pia, na mnayajua. Tunaita ni heshima. Mimi nilikuwa naita aibu, nikidhani aibu yangu haimdhuru mtu zaidi ya mimi mwenyewe. Kumbe nilipokaa kimya mbele ya mama nilimweka hatarini mama, na nilipokuja kufungua mdomo nilimweka hatarini mwenzangu, na yote mawili yalikuwa neno lile lile. Neno la kweli likisemwa mapema ni taarifa tu, mtu anaweza kulipokea akiwa amekaa na chai yake. Likichelewa linageuka kuwa ushahidi, na ushahidi lazima umpate wa kumshtaki. Barua ya rafiki yangu nimeiandika jana, nimempa baba yake aende nayo Mahenge. Ndani yake sikumweleza kwamba nilikuwa na woga, maana hilo analijua. Nimemwambia kwamba siku ile yeye hakumsaliti mtu. Aliyenyamaza ni mimi.